Kuweka vipaumbele vya utafiti katika radiolojia na upigaji picha za kitabibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya vyama vya kitaaluma, idara za radiolojia, wafadhili na vikundi vya wagonjwa wanaotaka kuandaa orodha ya vipaumbele vya utafiti, au waliokwisha kuianza wakakwama katikati.

Kipaumbele cha utafiti kina tofauti gani na mada ya utafiti?

Mada inataja eneo. Kipaumbele kinauliza jambo ambalo jibu lake litabadilisha uamuzi wa mtu fulani. "MRI ya tezi dume" ni mada (MRI ni kipimo cha picha kinachotumia sumaku). "Kwa mwanamume mwenye PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) iliyopanda, je, kupigwa MRI kabla ya bayopsi (kuchukua kipande cha nyama kipimwe) kunapunguza bayopsi zisizo za lazima bila kuacha saratani zinazohitaji tiba?" ni kipaumbele, na kwa kuwa kiliulizwa hivyo kilijibika. Utafiti wa PROMIS wa 2017 ulionyesha kwamba takriban robo ya wanaume wangeweza kuepuka bayopsi ya kwanza. Jaribio la PRECISION la 2018, lenye wanaume 500, lilionyesha kwamba njia ya kuanza na MRI iligundua saratani hatari kwa asilimia 38 ya washiriki, dhidi ya asilimia 26 kwa bayopsi ya kawaida.

Orodha nyingi zinazochapishwa ni za mada. Ni rahisi kuzikubali kwa sababu hazimlazimishi mtu kuacha chochote.

Kwa nini radiolojia isitumie tu orodha za vipaumbele vya magonjwa zilizokwisha kuandaliwa?

Izitumie, lakini hazitoshi. Orodha ya saratani ya matiti au ya kiharusi itauliza kuhusu tiba na kuitaja picha kwa kupita tu. Radiolojia inapita katika magonjwa yote, na ina maswali yake ambayo hakuna idara nyingine itakayoyauliza: dozi ya mionzi, foleni ya kusubiri majibu, ripoti ambayo daktari aliyeomba picha haielewi, vinundu vidogo vinavyoonekana kwa bahati mgonjwa akipigwa picha kwa sababu nyingine.

Sababu nyingine ni namna ushahidi wa picha unavyojengwa. Mwaka 1991 Fryback na Thornbury walipanga ufanisi wa kipimo cha picha katika ngazi sita. Ya kwanza ni ubora wa kiufundi: picha inaonekana vizuri kiasi gani. Ya pili ni usahihi wa utambuzi, yaani unyeti (kuwatambua wenye ugonjwa) na umahususi (kuwatambua wasio nao). Ya tatu inauliza kama picha imebadilisha mawazo ya daktari kuhusu ugonjwa, ya nne kama imebadilisha tiba, ya tano kama mgonjwa amenufaika, na ya sita kama jamii imepata faida inayolingana na gharama. Tafiti hurundikana kwenye ngazi ya kwanza na ya pili kwa sababu huko zinafanyika ndani ya idara, kwa picha zilizokwisha hifadhiwa, bila kumfuatilia mgonjwa. Zoezi la vipaumbele lisilouliza kila swali liko ngazi gani litarudia mrundikano huohuo.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye jedwali lako la maswali: ngazi ya 1 hadi ya 6. Ukikuta maswali 40 kati ya 50 yako ngazi ya pili, hujakusanya kutoka kwa watu sahihi.

Nani awepo kwenye kamati ya uongozi?

Watu 10 hadi 15 wanatosha. Wakizidi hapo vikao havifanyiki. Wawemo daktari wa radiolojia, radiografa (mtaalamu anayepiga picha), mwanafizikia wa tiba, madaktari wawili wanaoomba picha (mmoja wa wagonjwa wa dharura, mmoja wa wagonjwa wa muda mrefu), mtaalamu wa mbinu za utafiti, mtu wa takwimu, mtu anayejua mifumo ya kuhifadhi picha, na wagonjwa au walezi wasiopungua watatu. Mgonjwa mmoja peke yake kati ya wataalamu kumi hunyamaza, na hilo si kosa lake.

Radiografa husahaulika mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ni yeye anayejua kwa nini asilimia fulani ya picha hurudiwa, nani hushindwa kulala kwenye MRI hadi mwisho, na itifaki gani iliyoandikwa haifuatwi. Mfadhili naye awepo tangu kikao cha kwanza kama mwangalizi, la sivyo ataletewa orodha ambayo hakushiriki kuipima na hana pa kuiweka.

Makampuni yanayotengeneza mashine na programu yashirikishwe?

Yasikilizwe, yasipige kura. Yana taarifa muhimu kuhusu kinachokuja sokoni na kinachowezekana kiufundi, hivyo yaalikwe kuwasilisha maandishi katika hatua ya kukusanya taarifa. Wajumbe wengine wote watangaze maslahi yao kwa maandishi kabla ya kuanza, na tena kabla ya warsha ya mwisho, kwa sababu kati ya hatua hizo mbili mtu anaweza kupata mkataba wa ushauri. Mwenye maslahi kwenye swali fulani asitoe alama kwa swali hilo. Kumtoa kabisa kwenye zoezi si lazima.

Njia zipi zipo, na tuchague ipi?

Nne zinatumika sana, na kila moja ina mahali inapovuja.

Njia ya James Lind Alliance, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, huwaweka wagonjwa, walezi na watoa huduma kwenye nafasi sawa. Unatuma dodoso la wazi, unageuza majibu kuwa maswali, unahakiki kwamba hayajajibiwa, unafanya mchujo wa kati kwa dodoso la pili, kisha warsha ya siku moja ya watu wapatao 30 inayotoa orodha ya 10. Nguvu yake ni uhalali: hakuna atakayesema wagonjwa hawakuulizwa. Udhaifu wake kwa radiolojia ni kwamba maswali ya kiufundi, kwa mfano namna ya kulinganisha dozi kati ya mashine za watengenezaji tofauti, huanguka mapema kwa sababu wengi hawayaelewi.

Njia ya Delphi ilitokana na kazi ya shirika la RAND miaka ya 1950. Wataalamu hujibu kwa siri, wanaoneshwa majibu ya wenzao kwa muhtasari, kisha wanajibu tena, kwa kawaida raundi mbili au tatu. Inafaa kwa maswali ya kiufundi na kwa kundi lililotawanyika. Hatari yake ni makubaliano ya uchovu: kufikia raundi ya tatu watu husogea katikati ili wamalize.

CHNRI (Child Health and Nutrition Research Initiative) ilibuniwa kwa ajili ya utafiti wa afya na lishe ya watoto, sasa inatumika kwenye fani nyingi. Wataalamu huandika maswali, halafu kila swali hupewa alama kwa vigezo: linajibika kimaadili na kimbinu? linaelekea kuleta njia inayofanya kazi? njia hiyo inaweza kufikishwa kwa watu? itapunguza mzigo wa ugonjwa kiasi gani? itasaidia usawa? Faida yake ni kwamba kila alama inaonekana na mtu wa nje anaweza kuikokotoa upya.

Ya nne ni mbinu ya kikundi kidogo iliyoelezwa na Delbecq na Van de Ven mwaka 1971: watu huandika mawazo kimya, wanayasoma kwa zamu bila mabishano, wanajadili, kisha wanapiga kura ya siri. Hii ni ya chumba kimoja, na ndiyo inayoendesha warsha za mwisho za njia nyingine.

Ushauri wetu kwa radiolojia ni kuchanganya: dodoso la wazi kwa wote, upimaji kwa vigezo vya CHNRI ukiwa na makundi mawili yanayohesabiwa kando (wagonjwa na wataalamu), kisha warsha. Delphi peke yake iachwe kwa mambo ambayo mgonjwa hana la kuchangia. Hayo ni machache kuliko madaktari wengi wa radiolojia wanavyodhani.

Kazi nzima huchukua muda gani?

Miezi 12 hadi 18 ukifanya kwa ukamilifu. Mgawanyo wa kawaida ni huu:

- Miezi 1 hadi 3: kamati, mipaka ya zoezi, hati ya itifaki inayochapishwa kabla ya kukusanya chochote.
- Miezi 4 hadi 6: dodoso la kwanza, likiwa wazi kwa wiki nane angalau.
- Miezi 7 hadi 10: kusafisha majibu, kuunganisha yanayofanana, kuhakiki ushahidi.
- Miezi 11 hadi 13: upimaji au mchujo wa kati.
- Mwezi wa 14: warsha.
- Miezi 15 hadi 18: ripoti, muhtasari kwa lugha nyepesi, mazungumzo na wafadhili.

Hatua inayokadiriwa vibaya karibu kila mara ni ya tatu. Kuhakiki ushahidi kwa maswali 80 ni kazi ya mtu mmoja wa muda wote kwa miezi miwili au mitatu, akisaidiwa na mkutubi wa tiba. Wengi huiwekea wiki tatu, kisha wanaingia kwenye warsha na maswali yaliyokwisha kujibiwa.

Mipaka ya zoezi iwekwe vipi?

Iandike kwa sentensi moja inayotaja kundi la wagonjwa, aina za picha na kilichoachwa nje. "Radiolojia yote" ni pana mno: utapata majibu kuhusu eksirei za meno na kuhusu tiba ya mionzi, na hutakuwa na njia ya kuyalinganisha. Amua mapema kama upasuaji mdogo unaoongozwa na picha umo, na kama tiba ya nyuklia imo.

Wagonjwa wasiojua mashine watauliza nini cha maana?

Usiwaulize kuhusu mashine. Dodoso linaloanza na "Ni maswali gani ya utafiti ungependa yajibiwe kuhusu CT skani?" litarudi tupu. (CT ni picha za eksirei zinazopigwa kutoka pande nyingi na kuunganishwa na kompyuta.) Waulize kuhusu walichopitia: kabla ya kupigwa picha, wakati wa kupigwa, wakati wa kusubiri majibu, na baada ya kupata majibu. Kwa kila hatua weka swali moja la wazi: "Kuna jambo lolote ulilotaka kujua na hakuna aliyeweza kukujibu?"

Kutokana na maswali ya namna hiyo huja mambo ambayo wataalamu hawayaandiki. Je, ni salama kurudia CT kila baada ya miezi mitatu kwa miaka? Kwa nini nilisoma majibu yangu kwenye simu kabla daktari hajaniita? Kinundu kilichoonekana kwenye pafu kwa bahati kifuatiliwe hadi lini? La mwisho ni swali zito la utafiti, na wasiwasi uliomo ndani yake ni sehemu ya matokeo yanayopaswa kupimwa.

Dodoso la mtandaoni peke yake huwapata vijana, waliosoma na wenye intaneti nzuri. Ongeza nakala za karatasi kwenye chumba cha kusubiria, mahojiano ya ana kwa ana kwa wasiosoma, na kikao kimoja kwa walezi wa watoto. Kila wiki angalia umri, jinsia na aina ya picha ya waliojibu. Ukisubiri dodoso lifungwe ndipo uangalie, huna tena la kurekebisha.

Tumepata majibu mia kadhaa. Tunayageuzaje kuwa maswali?

Kwanza tenga yasiyo maswali ya utafiti: malalamiko kuhusu huduma, maombi ya taarifa, maswali ambayo jibu lake lipo. Usiyatupe. Ya taarifa yapelekwe kwa wanaoandika vipeperushi, ya huduma kwa idara husika.

Yanayobaki yaandikwe upya kwa vipengele vitano: mgonjwa wa aina gani, kipimo kipi cha picha, kikilinganishwa na nini, kwa matokeo gani, na kipimo hicho kinasimama wapi kwenye safari ya mgonjwa. Kipengele cha tano huachwa mara nyingi, na kwa picha ndicho kinachoamua muundo wa utafiti. Altrasaundi inayochukua nafasi ya CT, ile inayotangulia CT ili kuchuja wasiohitaji, na ile inayoongezwa baada ya CT ni maswali matatu tofauti, hata kama mashine na ugonjwa ni vilevile.

Mfano. Mtu ameandika: "Mtoto wangu alipigwa CT ya tumbo, baadaye wakaniambia altrasaundi ingetosha." Swali linakuwa: "Kwa watoto wanaoshukiwa kuwa na apendisaitisi kwenye idara ya dharura, je, kuanza na altrasaundi na kupiga CT pale tu altrasaundi isipotoa jibu kunapunguza mionzi bila kuongeza apendiksi zilizopasuka, ikilinganishwa na kuanza na CT?" Watu wawili waandike kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Hifadhi maneno ya asili kando ya swali jipya, ili kwenye warsha mgonjwa aweze kusema "hapana, sivyo nilivyomaanisha."

Lenga kubaki na maswali 40 hadi 80. Hakuna anayepima maswali 200 kwa makini. Alama za nusu ya mwisho huwa za kukisia.

Tutajuaje kwamba swali halijajibiwa?

Tafuta mapitio ya kimfumo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni, kisha miongozo ya kitaaluma, kisha rejesta za majaribio yanayoendelea. Matokeo yake yawe moja kati ya manne: limejibiwa, limejibiwa kwa kiasi, halijajibiwa, au linafanyiwa kazi sasa.

Kwenye picha kuna mtego. Swali linaweza kuonekana limejibiwa kwa sababu tafiti ni nyingi, lakini zote zina kasoro ileile. Zipime kwa QUADAS-2, chombo cha 2011 kinachoangalia maeneo manne: namna wagonjwa walivyochaguliwa, kipimo kinachojaribiwa, kipimo rejea (kinachochukuliwa kuwa jibu sahihi), na mtiririko na muda. Kasoro za mara kwa mara ni kuchukua wagonjwa wenye ugonjwa dhahiri na kuwalinganisha na wazima kabisa, jambo linalopandisha unyeti na umahususi kwa pamoja. Kuthibitisha kwa bayopsi wale tu waliokuwa na picha yenye dalili. Na msomaji wa picha kujua majibu ya maabara kabla ya kusoma. Ushahidi wa namna hiyo hauondoi swali kwenye orodha. Andika "limejibiwa kwa udhaifu" na utaje kasoro.

Mwaka 2009 Chalmers na Glasziou walikadiria kwamba hadi asilimia 85 ya uwekezaji katika utafiti wa tiba hupotea, na miongoni mwa sababu walizotaja ni kuuliza maswali yasiyo na umuhimu kwa wagonjwa na madaktari, na kuanzisha tafiti bila kuangalia zilizokwisha fanyika.

Alama zinakokotolewaje? Tupeni mfano.

Katika CHNRI kila mpimaji hujibu kwa kila kigezo: ndiyo ni 1, sina uhakika ni 0.5, hapana ni 0, na asiyejua huacha wazi. Tuseme wapimaji ni 40. Kwa kigezo cha "linajibika", 20 wamesema ndiyo, 6 hawana uhakika, 4 wamesema hapana, 10 wameacha wazi. Jumla ni 20 + 3 + 0 = 23, unaigawa kwa 30 waliojibu, unapata asilimia 77. Kosa la kawaida kwenye jedwali la kompyuta ni nafasi tupu kusomwa kama sifuri: 23 kwa 40 ni asilimia 57.5, na swali zuri linaporomoka kwa sababu tu ni la kitaalamu na wengi hawakulijua. Hakiki fomula yako kwa swali moja ulilokokotoa kwa mkono.

Vigezo vyenyewe huamua mshindi kuliko watu wanavyofikiri. Chukua maswali mawili. A ni la kuboresha mfuatano wa picha za MRI kwenye kituo kikubwa: linajibika 90, ufanisi 80, kufikishika 85, athari 40, usawa 30. B ni la altrasaundi inayofanywa na wauguzi mahali pasipo na daktari wa radiolojia: 60, 70, 55, 75, 80. Ukiacha kigezo cha usawa, A anapata wastani wa 73.75 na B 65. Ukikiweka, A ni 65 na B 68. Ukikipa uzito maradufu, A anashuka hadi 59.2 na B anapanda hadi 70. Alama hazijabadilika hata moja. Ndiyo maana vigezo na uzito wake hufungwa kwenye itifaki kabla ya mtu yeyote kuona alama, na uzito hupangwa na kundi pana kuliko kamati.

Pamoja na wastani, toa kiwango cha makubaliano: kwa kila swali, asilimia ya wapimaji waliotoa jibu lililotolewa na wengi zaidi. Swali lenye alama ya kati na makubaliano madogo linastahili kujadiliwa warshani. Lenye alama ya kati na makubaliano makubwa limekubaliwa tu kuwa la kati.

Kwenye Delphi, asilimia ngapi ni makubaliano?

Hakuna namba rasmi. Wengi hutumia 70 au 75, wengine 80. Muhimu ichaguliwe kabla ya raundi ya kwanza na isiguswe tena. Panga pia kwa ajili ya wanaoacha. Ukitaka kumaliza na watu 30 kwa raundi tatu, na ukakadiria kwamba asilimia 80 hubaki kutoka raundi moja hadi inayofuata, anza raundi ya kwanza na 47. Hesabu waliobaki kwa kila kundi, maana radiografa wakiacha wote, jumla ya 30 itakudanganya.

Akili bandia imemeza orodha yetu. Tufanye nini?

Hutokea sana. Kila mtu anaandika "akili bandia kwa" kisha jina la kiungo. Ondoa chombo kwenye swali, uandike tatizo: eksirei za kifua kusubiri siku nyingi kusomwa, mivunjiko midogo kukosekana usiku, wasomaji wa mamogramu (eksirei za matiti) kuwa wachache. Kisha akili bandia iwe mojawapo ya njia zinazolinganishwa, pamoja na kumfundisha radiografa kusoma picha au kubadilisha ratiba. Maswali 20 huwa 6.

Yanayobaki yaulizwe kwa ngazi ya juu. Usahihi kwenye picha zilizohifadhiwa hautoshi. Mwaka 2018 Zech na wenzake walionyesha kwamba mfumo uliofunzwa kutambua nimonia kwenye eksirei ulitambua pia hospitali picha ilikotoka, na mara nyingi ulifanya vibaya zaidi kwenye hospitali ambako haukufunzwa. Mfano wa swali lililofikia jaribio la kweli ni MASAI la Sweden: wanawake zaidi ya 80,000 waligawanywa kwa nasibu, na matokeo ya awali ya 2023 yalionyesha saratani 6.1 kwa kila 1,000 dhidi ya 5.1, huku kazi ya kusoma picha ikipungua kwa asilimia 44. Hata hivyo kigezo kikuu cha jaribio kilikuwa saratani zinazojitokeza kati ya uchunguzi mmoja na mwingine, kwa sababu kugundua nyingi zaidi peke yake hakusemi kama zilizogunduliwa ndizo hatari.

Tofauti hiyo ya kugundua na kunufaisha inahusu uchunguzi wa mapema tu?

Huko ndiko inakouma zaidi. Jaribio la NLST la Marekani, lililochapishwa 2011, liliwapima zaidi ya watu 53,000 waliovuta sigara sana, na CT ya dozi ndogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Lakini karibu robo ya vipimo vya CT vilitoa matokeo ya kutilia shaka, na zaidi ya asilimia 96 ya hayo hayakuwa saratani. Kwa swali lolote la uchunguzi wa mapema, andika madhara kwenye swali lenyewe: vipimo vya ziada, upasuaji usio wa lazima, na saratani ambazo zisingemdhuru mtu maishani.

Dozi ya mionzi na dawa za kontrasti ziwe na nafasi yake?

Ndiyo, zitengewe nafasi, kwa sababu kwenye kura huru hushindwa. Madhara yake ni ya polepole na hayana kundi la wagonjwa la kuyapigania. Mwito wa Bonn wa 2012, uliotolewa na IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) na WHO ukiwa na hatua 10, uliweka ajenda ya utafiti wa kinga dhidi ya mionzi kama hatua mojawapo. Gadoliniamu, iliyomo kwenye dawa zinazodungwa ili picha ya MRI ionekane wazi, inatoa funzo la upande wa kontrasti: dawa hizo zilitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, uhusiano na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa wenye figo mbovu ukaja kutambuliwa 2006, na mabaki kwenye ubongo yakaripotiwa 2014. Maswali ya usalama yanahitaji rejesta za muda mrefu, ambazo hupata alama ndogo kwenye kigezo cha "linajibika haraka". Njia rahisi ni kutenga nafasi mbili za orodha kwa usalama tangu kwenye itifaki.

Na mahali penye mashine chache?

Maswali hubadilika, hayapungui. Swali la "mashine ipi ni bora" huwa "ni nani apigwe picha kwanza", "nani anaweza kuisoma", "mashine ikiharibika nini kinafuata". Baadhi ya majibu yenye nguvu yametoka huko: Machi 2021 WHO ilipendekeza programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, badala ya msomaji binadamu. MRI ya kusukumwa hadi kitandani, yenye nguvu ya sumaku ya tesla 0.064, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Wapi itatosha na wapi itapotosha ni swali la utafiti lenye thamani kuliko kungoja mashine ya tesla 3 ambayo haitaletwa.

Muda wa kusimama kwa mashine, uthabiti wa umeme na upatikanaji wa mafundi viingie kwenye kigezo cha kufikishika. Wapimaji wasiofanya kazi kwenye mazingira hayo wasipewe kigezo hicho kukipima.

Swali limeshinda. Tunapimaje haraka kama linawezekana?

Kokotoa ukubwa wa sampuli kabla ya warsha, japo kwa makadirio. Kwa utafiti wa usahihi: unataka kukadiria unyeti wa asilimia 90 kwa kosa lisilozidi 5 kila upande, ugonjwa uko kwa asilimia 10 ya wanaopigwa picha. Unahitaji wagonjwa 139 wenye ugonjwa, kwa hiyo jumla ni takriban 1,390. Ugonjwa ukiwa kwa asilimia 1, ni 13,900. Namba hiyo moja hubadilisha mjadala: swali linabaki muhimu, ila linahamia kwenye orodha ya ushirikiano wa vituo vingi.

Warsha ya mwisho huharibikia wapi?

Kwa mwenyekiti. Mkuu wa idara akiendesha, orodha itakuwa yake. Mwezeshaji awe mtu wa nje asiye na swali lake. Gawanya watu katika makundi matatu yenye mchanganyiko uleule, kila kundi lipange maswali 20 hadi 25 yaliyobaki, unganisha mipangilio, changanya makundi upya mchana, kisha kikao cha wote kiamue. Maswali yawe kwenye kadi moja moja, upande wa nyuma ukiwa na ushahidi kwa mistari mitatu na alama za makundi yote mawili. Washiriki walipwe nauli na muda wao. Wagonjwa wakutane na mwezeshaji siku moja kabla.

Kibali cha kamati ya maadili kinahitajika?

Inategemea kanuni za mahali ulipo. Omba uamuzi kwa maandishi kabla ya dodoso, hata kama unaamini hakihitajiki, kwa sababu majarida mengi yatakiuliza.

Ripoti iwe na nini?

Fuata REPRISE, mwongozo wa 2019 wa kuripoti zoezi la vipaumbele wenye vipengele 31. Pamoja na hayo, chapisha maswali yote yaliyopimwa na alama zake, siyo 10 bora tu. Swali la 14 kwenu linaweza kuwa la kwanza kwa mfadhili mdogo mwenye fedha za mradi mmoja.

Orodha ikishatoka, nani anaibeba?

Mtu mwenye jina na cheo, mwenye saa zilizotengwa, kwa miaka mitatu. Kazi yake ni kugeuza kila swali kuwa ukurasa mmoja (muundo unaofaa, ukubwa wa sampuli, matokeo ya kupima, vituo vinavyoweza kushiriki), kuwapelekea wafadhili na wasimamizi wa tasnifu, na kila baada ya miezi sita kuangalia kwenye rejesta za majaribio kama kuna aliyelichukua. Swali lililoanza kufanyiwa kazi hupewa alama hiyo hadharani ili wengine wasilirudie.

Irudiwe baada ya miaka mingapi?

Orodha nzima, mitano. Maswali ya programu na akili bandia yakaguliwe kila mwaka, maana toleo lililojaribiwa huwa limeondolewa sokoni kabla ya matokeo kuchapishwa. Ya usalama wa mionzi yaachwe yakae, hata yakifika miaka 10 bila jibu.